Mlinzi wa Kompyuta ya Baba

Baba hakuwa mtu wa kompyuta. Alikuwa fundi wa pikipiki hadi mgongo ulipomshinda, ndipo akafungua kijiduka pale mtaa wa Jabe, karibu na soko: fotokopi, kuchapa barua, na kompyuta moja yenye intaneti ya waya wa simu. Mimi, binti yake, ndiye niliyekaa mbele ya hiyo kompyuta, na sitadanganya, nilikuwa na ulimi mkali. Mteja aliyeuliza kila mara kama barua pepe yake imefika alijuta kuuliza.

Kitu kimoja tu ndani ya mashine ile Baba alikielewa na kukipenda: antivirusi. Aliyemuuzia alimweleza kwamba ni mlinzi anayekagua kila kinachoingia. Baba akaiwekea neno la siri alilolijua yeye peke yake, ili mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza, asithubutu kuizima. Nilimcheka. Sikupaswa kucheka, maana nilijua jambo hilo lilianzia wapi.

Lilianzia kwenye geti letu. Miaka ya mwanzo ya vita, mitaa ilipokuwa ikichomwa, kila nyumba ya barabara yetu ilikuwa na namna yake ya kugonga. Yetu ilikuwa kugonga taratibu kwa ufunguo, kunyamaza, kisha kugonga tena. Asiyegonga hivyo hafunguliwi, hata akitaja jina lako na la babu yako, kwa sababu majina yetu yalijulikana na kila mtu. Mchana mmoja geti lilipigwa kwa viganja vyote viwili, ovyo, kwa nguvu. Hakukuwa na sauti ya mtu, ni mikono tu. Baba alimshika Mama, akatikisa kichwa. Mikono ikapiga, ikapiga, kisha ikaacha. Tulipofungua, kaka yangu mkubwa alikuwa amelala chini ya ukuta, waliomfukuza wamekwisha kumuua. Alikuwa amekimbia kutoka mbali, hata pumzi ya kuita hakuwa nayo, na ufunguo ulikuwa umemdondoka njiani. Tulimzika baada ya swala ya alasiri. Baba hakulizungumza tena, nasi hatukumuuliza.

Miaka mingi baadaye, vita vikiwa bado havijaisha, kompyuta yetu iliugua. Ukiunganisha tu waya wa simu, dirisha dogo linatokea, linahesabu sekunde, mashine inajizima na kuwaka upya. Barua haisomeki wala haiandikiki. Mtu wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini alinipa CD yenye dawa yake: sasisho la mfumo, la kuziba tundu ambamo ugonjwa ule ulipitia. Nikaiweka. Mstari wa kijani ukajaa karibu wote, ukasimama, kisha likatokea neno la Kifaransa: échec. Imeshindikana. Nikarudia, échec. Nikapiga meza, nikarudia. Ndipo nikaona kwamba kila inaposhindikana, alama ya antivirusi kule pembeni inageuka nyekundu. Yenyewe ndiyo iliyokuwa ikizuia. Sasisho lilitaka kubadilisha mafaili ya ndani kabisa, na mlinzi wa Baba hakujua kutofautisha mwizi na daktari.

Ningeweza kungoja, lakini kwenye benchi letu alikuwa amekaa mama mmoja muuza vitenge, Mkongomani wa upande wa Uvira. Alipanga chumba Kanyosha, kusini mwa mji, na wiki hiyo mabomu yalikuwa yameanguka Kanyosha. Sasa alilala kanisani. Binti yake, aliyekuwa Kigoma na mtoto mchanga, alikuwa ameandika kwamba Ijumaa angepanda boti ya mizigo kuja kwa mama yake. Barua zao zote zilipitia kwetu, na mimi ndiye niliyezisoma kwa sauti. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Umuambie asikuye," alisema yule mama. "Huku akuna fasi ya kulalisha mutoto."

Nikamwendea Baba.

"Baba, unipe mot de passe, lile neno lako la siri. Nizime antivirus kidogo, mise à jour ya ile CD ipite, kisha nairudisha."

"Apana."

"Kidogo tu."

"Ile CD, we unajua mule ndani kuko nini? Mulinzi akilala, kila kitu kinaingia."

"Waya ya simu nimeitoa. Akuna kitu kitaingia."

"Nimesema apana."

Mama wa vitenge akasimama. "Muzee, mi niko na ule mutoto mumoja tu."

Hasira ikanipanda, nikasema bila kufikiri: "Baba, huyu mulinzi wako anafungia inje mutu wa kwetu!"

Nilitamani kuyarudisha maneno yale kinywani. Baba alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliinuka akiwa ameshika kiuno, akaja, akaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja. "Endelea," akasema. Hakurudi kwenye kiti chake. Alisimama nyuma yangu hadi mstari ukajaa wote, mashine ikajizima, ikawaka, na ile échec haikutokea. Nikaiwasha antivirusi, nikaunganisha waya, tukaandika: usije mwanangu, ngoja kwanza. Ikaenda. Mama wa vitenge alinishika kichwa, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Binti yake hakuisoma. Mwenye boti alikuwa ameamua kuondoka mapema, naye alikuwa tayari majini.

Jumamosi milio ya mizinga ilirudi upande wa kusini, maduka yakafungwa. Baba na mimi tulikuwa ndani, mlango wa bati umeshushwa. Mara ukapigwa kwa viganja viwili, ovyo, kwa nguvu. Hakukuwa na sauti ya mtu. Nilimtazama Baba, nikingoja atikise kichwa.

Hakunitazama. Alikimbia, yeye na mgongo wake mbovu, akatoa komeo, akapandisha mlango wote. Nje alisimama msichana mwenye mtoto mgongoni, anahema, hawezi kusema. Duka letu ndipo mahali pekee alipopajua katika mji huu, kwa barua za mama yake.

"Ingia, mutoto wangu," Baba alisema. "Ingia, ingia."

Nilimkalisha, nikampa maji, huku nikilia bila kuona haya. Nikamwambia Baba afunge, milio inakaribia. Hakunisikia. Alikuwa bado amesimama mlangoni, akitazama barabara huku na huku. Kisha akamgeukia yule msichana.

"Ulikuya peke yako?" akamuuliza. "Nyuma yako akuna mwengine?"