Alama ya Wingu
Jirani yetu wa Miyuji, nesi wa zamu ya asubuhi, kila jioni huvua sare akatoka na kamera yake ya dijitali kutoka Dubai, kulipiga picha shamba lile lile lililokauka. Kidole gumba hakitulii kwenye kitufe cha kubadili rangi ya picha. Akiweka alama ya taa, udongo kwenye kioo cha kamera unageuka buluu, naye hucheka peke yake. Akiweka ya jua, unapauka. "Bado," husema, akarudia.

Jana aliweka alama ya wingu, udongo ukawa mwekundu wa kukolea, kama umenyeshewa. Mama mkwe wake akakiona kile kiwingu pembeni mwa kioo.

"Mwanangu, hilo lina mvua?"

"Halina, mama. Lina rangi tu."

Mama akaitazama sana ile picha, akaingia ndani, akatoka na jembe.