Siku Saba za Kushusha Makuta

Hata leo nikikumbuka ile wiki, roho inaniwaka. Mdogo wangu alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, katika materniti moja ya hapa Lubumbashi, na kwa kuwa hatukuwa tumelipa, walimkatalia kutoka. Walimweka na mtoto wake katika chumba cha wadeni, wanawake sita kwa vitanda vinne. Ndivyo wanavyofanya, na hakuna anayeona haya.

Kaka yetu, anayefanya kazi Afrika Kusini, alisema atatuma dola za kwenye simu, zile zinazopita kwenye blockchain. Mimi mjuaji wa familia nikamwelekeza. Asipitishe kwenye mnyororo wa msingi, kule wanakata nyingi kwa kila kutuma. Apitishe kwenye mtandao uliojengwa juu yake, unaokusanya malipo ya watu wengi na kuyaandika chini kwa pamoja, ndiyo maana ni bei ndogo. Dakika haikuisha, makuta, yaani pesa, yalikuwa kwenye simu yangu. Nikajiona kichwa.

Nikapanda pikipiki hadi mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, kwa kambisti anayebadilisha dola hizo. Akatazama simu, akanirudishia.

"Mama, hii iko ya juu. Miye napokea ya chini tu."

"Makuta ni makuta," nikamwambia.

"Jina iko moja, mama. Lakini mahali iko mbili."

Hapo nilipaswa kuuliza. Nilitoka bila kuaga, nikasimama karibu na fundi viatu, nikabonyeza pa kushusha makuta hadi mnyororo wa msingi. Simu ikaniambia nisubiri siku saba. Kumbe ule wa chini hauamini hivihivi unacholetewa kutoka juu: unaacha wiki nzima ili anayeona udanganyifu aseme. Na ukishabonyeza, hakuna kurudi nyuma.

Nikamrudia kambisti, nikamfokea kana kwamba kidole kilikuwa chake. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Ungeniuliza tu, mama. Ule mwenzangu wa ngambo ya barabara anapokea ya juu, anakupa cash palepale."

Nilitamani kumpiga, na sijui kwa kosa gani. Mwenye kosa alikuwa mimi, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Jioni mdogo wangu aliponiuliza, nikamwambia kaka hajatuma. Kesho yake pia. Kila nikimpelekea bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, alimtukana kaka kwamba Afrika Kusini imemuharibu roho, na mimi nikaendelea kufunua sahani. Mwoga kabisa.

Siku ya nane makuta yakashuka, kambisti akanipa dola mkononi. Materniti walikuwa wameongeza bei ya kitanda kwa kila usiku, kwa hiyo nikakopa kwa jirani ili zitoshe. Nilipokuwa bado kwenye dirisha la kulipia, kaka akampigia mdogo wangu kumpongeza, akauliza mbona wamekawia kumwachia wakati yeye alituma wiki iliyopita.

Nilimkuta mdogo wangu mlangoni, mtoto kifuani, beseni ya nguo miguuni.

"Yaya, dada yangu, makuta ilikuwa kwako siku zote hizi?"

"Ilikuwa kwa simu, lakini nilikuwa siwezi kuitoa."

"Na miye namutukana kaka."

Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto. Akanipa beseni.