Nilishika Ncha ya Utepe

Afisa aliyetumwa kupima ufuko wetu hapa Rumonge aliuliza nani anajua kusoma namba, nami nikaruka kabla hajamaliza. Nilikuwa nimetoka kupata diploma ya shule ya usiku, na wiki ile ungenipa hata magamba ya samaki ningeyasoma. Akanipa ncha ya utepe wa kupimia. Nikakunja suruali, nikaingia ziwani hadi magotini, nikiwachekea watu kama bwana harusi.

Sheria inataka mita mia na hamsini kati ya maji na nyumba. Tulipima, tukapigilia vijiti, tukahamisha utepe mpaka mlangoni kwa mama yangu. Zikapungua mita thelathini. Mwenzake afisa akachovya brashi, akachora msalaba mwekundu ukutani: nyumba ibomolewe.

Mama alitoka na ungo wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Hakumtazama afisa. Alinitazama mimi.

"We mutoto, ulisimama wapi?"

"Kwenye maji, mama."

"Maji gani? Pale si uchanja wangu wa kuanikia?"

Nilitamani kujizaba kofi. Nguzo ya uchanja ule nilikuwa nimeiegemea kabisa! Ziwa lilipanda likameza uwanja wake, na mimi msomi nikawaonyesha kwamba ziwa linaanzia hapo. Mama alijenga mbali kuliko sheria ilivyotaka, na hajasogea hata hatua moja. Ziwa ndilo lililovunja sheria. Msalaba kapigwa mama.

"Shefu," nikasema, "maji ndiyo yamemfuata. Mutamufukuza mpaka mulimani?"

"Loi ni loi, sheria ni sheria. Tunapima maji yalipo leo."

"Na yakirudi nyuma, mutakuja kumujengea?"

Watu wakapiga vigelegele. Afisa akafunga daftari. Basi nikanyakua ncha ile, nikarudi majini: kiunoni, kifuani, kidevuni, mpaka kwenye kisiki cha mchikichi ambako zamani mitumbwi ilifungwa, nchi kavu ilipoishia. Nikapiga kelele, nadhani hata Kongo walinisikia:

"Pima kuanzia hapa!"

"Toka huko, iko viboko!"

"Na waje! Kiboko hana brashi!"

Afisa akautupa mchangani upande wake wa utepe, akachukua rangi yake, akaenda kwenye gari lake.

Mama akaweka ungo chini, akaokota upande ule wa utepe.

"Usisogee," akaniambia, na akaanza kutembea kuelekea mlangoni kwake.