Mchuzi wa Wakwe wa Ufaransa

Wakwe wa mwanangu walitujia London kutoka kijijini kwao Ufaransa, na sufuria ya nyama ya ng'ombe waliyoipika wenyewe. Tumeshapakua, ndipo mke wa mwanangu akaninong'oneza kwamba nyama ililazwa kwenye mvinyo. Sasa ndiyo ananiambia! Kando yangu ameketi mama, ambaye hali hata biskuti mpaka nimsomee pakiti nzima. Nikisema, nimewaaibisha wageni mezani kwangu. Nikinyamaza, nimemlisha mama haramu. Mama akachovya mkate kwenye mchuzi, akachovya tena, hata sahani ikang'aa. Nikafungua mdomo. Akanibana goti chini ya meza.

"Leo sikuuliza," akasema kwa Kiswahili, huku akiwatabasamia wageni. "Nawe usinijibu."