Mpenzi Asiyekufa na Dereva wa Kombaini

Mchumba wangu ndiye aliyeniletea kile kitabu, na sidhani kama amewahi kujitafutia taabu kubwa kuliko ile. Alikuwa dereva wa kombaini kwenye shamba la ngano la serikali kule Hanang, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Gendabi. Wataalamu wa kigeni waliporudi kwao waliacha rundo la vitabu kwenye nyumba ya wageni ya shamba. Yeye akachagua kinene kuliko vyote, akiamini kwamba kitabu ni kama gunia: kadiri kinavyojaa ndivyo kinavyofaa.

Kilikuwa cha Kiingereza, hadithi ya msichana yatima na bwana tajiri mwenye ngome mlimani. Bwana huyo alikuwa hafi. Aliishi karne na karne kwa kunywa damu shingoni mwa wanawake aliowapenda. Alimchagulia msichana nguo, akamkataza kuwaandikia ndugu zake, akafunga madirisha ili mtu asimwone. Nami, mwanamke mzima mwenye cheti cha ualimu, nilishusha pumzi kila ukurasa na kujiambia: haya ndiyo mapenzi.

Nikaanza kumpima mchumba wangu kwa kipimo hicho. Siku moja nilimwambia naenda mnadani Katesh kwa pikipiki ya mwalimu mwenzangu, mwanamume, tena mtanashati.

"Sawa," akasema. "Niletee sabuni."

"Hunikatazi?"

"Nikukataze kwa nini? Sabuni imeisha."

Nililia njia nzima, na yule mtanashati akadhani ni vumbi.

Kila asubuhi niliuziwa maziwa na jirani yangu, mama wa makamo wa jamii ya wafugaji. Siku moja, nilipomaliza shikamoo zangu, nilimsimulia kitabu. Neno mumiani sikuthubutu kulitaja, asije akakimbia na kibuyu chake. Nilisema tu ni bwana mmoja asiyekufa, anakunywa damu. Hakushtuka. Kwao damu ya ng'ombe hutolewa shingoni kwa mshale, ikachanganywa na maziwa.

"Anakunywa kwa huyo huyo mmoja kila siku?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hampumzishi?"

"Hampumzishi. Anampenda mno."

"Atammaliza," akasema, akifunga kibuyu. "Na malisho je, anampa?"

Nilimhurumia, nikaona hajui mapenzi. Alikuwa na watoto wengi na mume ambaye bado alimchekesha hadi sauti ikavuka boma, lakini hayo sikuyahesabu.

Mwishowe nilimweleza mchumba wangu waziwazi kwamba mwanamume anayependa hukataza. Akanisikiliza kama dereva aliyeambiwa mashine yake inagonga mahali ambapo yeye hasikii kitu. Jumamosi akaja, shati limepigwa pasi, akasimama mlangoni wakati najiandaa kwenda mazoezi ya kwaya.

"Leo," akasema, akakohoa, "nakukataza kwenda kwaya."

Ndiyo maneno niliyoyangoja tangu ukurasa wa kwanza. Lakini kabla sijayafurahia, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Wewe nani wa kunikataza? Sauti ya pili ataimba nani? Wewe?"

"Lakini ulisema..."

"Nilisema! Na hii khanga nimeifulia nini, kukaa nayo ndani?"

Mama wa maziwa, aliyekuwa amefuata kibuyu chake uani, alicheka mpaka akakaa chini. Mchumba wangu akavua kofia, akafuta jasho.

"Basi nikuruhusu?"

"Huniruhusu wala hunikatazi!"

Nikaenda kwaya nimefura, nikaimba vibaya kiasi kwamba mwalimu wa kwaya aliniomba nipumzike kidogo. Hilo nalo lilikuwa katazo, ila la kistaarabu.

Kitabu nilikimalizia ndani ya basi la Haydom, nikienda kumwona shangazi yangu aliyelazwa hospitali. Nilitegemea msichana atavunja dirisha, au angalau yule bwana atabadilika. Wapi! Msichana alikubali kuumwa, akawa hafi kama yeye, akaapa kukaa kando yake, madirisha yamefungwa, amevaa nguo aliyochaguliwa, enzi hata enzi. Mwandishi alionekana kufurahi sana. Nilisonya kwa nguvu hadi mzee aliyekaa mbele yangu akageuka kuuliza kama ni yeye aliyenikosea. Nikamwomba radhi na kumwamkia upya.

Niliporudi, mchumba wangu alikuwa kituoni, ananingoja na baiskeli.

"Kimeishaje?"

"Wanaishi pamoja milele."

"Humo humo ndani?"

"Humo humo."

Akafunga mzigo wangu kwenye keria, akafikiri. "Na yule bwana, kazi yake ni nini hasa?"

Nilikuwa nimesoma kitabu kizima bila kujiuliza swali hilo.

Tulifunga ndoa mavuno ya ngano yalipokwisha. Gauni nililichagua mwenyewe, bila kumsikiliza mtu. Lilinibana, likanipausha, mikono yake ilikuwa mirefu kupita yangu, na picha bado zipo.