Vitanda vya Turubai

Juzi, sokoni Mugoma, nilimwona fundi aking'oa viti vya Landrova kuukuu, na harufu ya grisi ikanikumbusha baba, dereva wa kijiji chetu cha ujamaa. Mchana mmoja wa wakati wa vita, nikiwa mtoto, naye aling'oa viti vya nyuma vya Landrova ya kijiji, akafunga vitanda viwili vyembamba vya turubai, kisha akakaza nati za springi kwa spana.

"Baba, kimoja ni changu?" nilimwuliza.

"Hapana, mwanangu. Mungu apishe mbali."

Nilidhani ananinyima safari. Alipokuwa akiondoka kwenda vitani nilijificha migombani kwa hasira, nikakataa kumuaga. Sasa najua vilikuwa vya kubebea majeruhi.

Baba hakurudi. Mpaka leo mama anaamini kwamba sikumsikia baba akiniita, akiniita, hadi wenzake garini wakampigia honi. Nilimsikia.