Maji ya Moto ya Nyumba ya Wageni

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilitoka kwetu Iyunga nikaenda Iringa, kwenye nyumba ya wageni ya misheni moja, nikaajiriwa kama fundi umeme. Ufundi wenyewe niliupata Makongolosi, kwenye mgodi wa dhahabu, ambako kwa miezi minne nilimbebea fundi ngazi na kumshikia koleo. Padri msimamizi aliponiuliza kama naujua umeme, nilimjibu kwamba tunafahamiana.

Shida ya pale ilikuwa bafu. Mgeni mmoja wa Ulaya alikuwa ameacha zawadi: bomba la mvua lenye mtambo wa umeme wa kupasha maji moto yakiwa yanapita. Kwa baridi ya Iringa ya mwezi wa sita, zawadi ile ilipendwa kuliko blanketi. Lakini mtu akishajipaka sabuni mwili mzima, fyuzi inaungua na umeme wa nyumba nzima unazimika, pamoja na redio ya mapadri. Anayeoga anabaki gizani na maji ya baridi.

Nilikwenda stoo, nyuma ya ukuta wa bafu, kulikokuwa na boksi la fyuzi, nikaweka waya mpya mahali pa ule ulioungua. Taa zikawaka. Nikatembea kifua mbele mpaka kesho yake jioni, mgeni mwingine alipooga. Nikaweka waya mwingine. Wiki ile niliiponya nyumba mara tano kwa dawa ileile, wala sikujiuliza ni mgonjwa gani huyu anayepona kila siku.

Mama mpishi, Mhehe wa makamo ambaye stoo ile ilikuwa himaya yake, aliniambia kwamba ukuta wa stoo unatoka jasho, hata amelazimika kuhamisha gunia la unga. Nilimweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba kuta za mawe hutoka jasho kwa sababu ya baridi. Akasema yeye amezaliwa katika baridi hiyo, na hajaona ukuta unaotoka jasho saa za kuoga tu. Nikatabasamu. Hadi leo nikilikumbuka tabasamu lile naona aibu.

Mimi nilikwisha kuamua kwamba kosa liko kwenye mtambo. Nikaufungua mezani, nikaupangusa, nikaufunga. Zikabaki skrubu mbili, nikamwambia padri kwamba zilikuwa za ziada. Fyuzi ikaungua tena. Ndipo likanijia wazo nililoliona la maana sana: kama waya mwembamba unaungua, dawa ni waya mnene. Nikasokota nyuzi tatu pamoja, nikazifunga kwenye fyuzi.

Jioni ile bafuni aliingia mgeni wa heshima, padri mzee kutoka Mbeya. Zikapita dakika tano, kumi, taa hazikuzimika. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha kulia nikingoja sifa. Badala yake ikaja harufu ya mpira unaoungua. Nikakimbilia stoo, nikakuta moshi unafuka kwenye kiboksi cha maungio ya nyaya ukutani. Nami, mtaalamu, nikakishika kwa mkono, miguu peku, sakafu imelowa. Sijui nilirushwaje. Nilijikuta nimekalia gunia la unga lililo wazi, mkono umekufa ganzi. Mama mpishi ndiye aliyezima swichi kubwa, kwa mpini wa mwiko.

Padri msimamizi alikuja na mshumaa. Nyuma yake alikuja mgeni, amejifunga taulo, akiuliza kama maji ya moto yamekwisha. Mama mpishi hakunicheka. Aliuchukua mshumaa, akaumulika ukuta.

"Baba," alimwambia padri msimamizi, "maji yanatoka hapa."

Safari hii nilitazama, nikaibandua lipu iliyolowa. Bomba ndani ya ukuta lilikuwa limelegea kwenye kiungo. Mtu akioga, maji yalivuja, yakaufuata waya hadi ndani ya kiboksi. Siku zote hizo mimi nilikuwa nimeangalia fyuzi na mtambo tu.

Nikiwa bado mweupe kwa unga, nikaungama palepale kwamba mimi si fundi, ni mbeba ngazi.

Padri msimamizi alinipangusa unga begani. "Nilijua," alisema. "Ila sikupata mwingine."

Tulikifunga kiungo cha lile bomba kwa nyuzi za katani zilizopakwa rangi ili kisivuje, tukauacha ukuta ukauke siku nne. Nikabadilisha nyaya zilizoungua, nikarudisha fyuzi ya uzi mmoja, mama mpishi akinisimamia na kuuliza kila waya unakwenda wapi. Nilijifunza mengi kwa kulazimika kumjibu. Tulipomaliza, padri akasema atakayeoga wa kwanza ni mimi. Nilijitetea kwamba nilioga jana. Hakunisikiliza.

Nikaingia, nikafungua bomba, nikasimama kwa vidole vya miguu kana kwamba umeme ungeshindwa kunifikia. Mama mpishi alikaa nje ya mlango.

"Upo, mwanangu?"

"Nipo, mama."

Baada ya kidogo akauliza tena. Nilimjibu hivyo mara saba au nane, na maji yalikuwa ya moto.